Debe Lililo Mlangoni

Mama Anjela,

Wiki ya tatu hii uko Mnyambe kwa mama yako, na mimi nimebaki na mbao. Nina hasira, sikufichi. Nina hasira na yule bibi wa misheni kule Masasi aliyenifundisha kuchapa picha kwa ubao kama Wajapani, na zaidi nina hasira na nafsi yangu.

Unakumbuka nilivyorudi na kile kisugulio cha majani ya mwanzi, cha kukandamizia karatasi juu ya ubao? Nilijigamba! Mimi mchonga vinyago, mtoto wa mchonga vinyago, nishindwe na picha ya karatasi? Nikakwambia kaa hapo mlangoni nichonge uso wako. Ulikaa mpaka kisamvu kikaungua.

Nikazikata chale zako kwenye ubao kama fundi alivyozichanja shavuni mwako. Nikapaka wino wa masizi, nikalaza karatasi, nikasugua. Lo! Palipokatwa hapakushika wino: uso mweusi tii, chale nyeupe pe. Ukasema, "Huyu nani? Umenifanya mzimu." Bibi alikwishanionya: mstari unaoutaka unauacha, unakata pembeni yake. Lakini mkono wa Kimakonde unajua chale hukatwa. Ubao wa pili, mkono ukakata vilevile. Wa tatu nikautupa uani, nusura niue kuku.

Na kila mara karatasi ilitaka kuloweshwa kabla ya kuchapwa. Bomba analolisema Bwana DC halijapanda huku juu. Wewe unashuka bondeni alfajiri, unapanda kilima na debe kichwani, mimi nachota tu. Siku ile Anjela aliomba maji ya kunywa, mtungi mkavu, karatasi zangu zimelowa vizuri. Ukaniuliza, "Baba Anjela, karatasi zina kiu kuliko mtoto?" Nami mjinga nikajibu kwamba kazi hii haitaki kelele. Ukambeba mtoto, ukaondoka.

Juzi nimeshuka bondeni mwenyewe. Wanawake wakanipokea, "Shikamoo, mama!" wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikaitika marahaba, ningefanyaje? Debe la kwanza lilimwagika nimeshaliona paa letu. Nikakaa kando ya njia nikalia, mtu mzima mimi, kisha nikarudi bondeni. Mpaka leo shingo haigeuki. Miaka yote hiyo hukuniambia kuwa ni hivi. Au uliniambia, sikusikiliza.

Ubao wa nne umekubali. Chale zako zote zimesimama, hata ile fupi ya kidevuni. Bado kuchapa tu. Debe limejaa, nimelifunika, liko mlangoni pale ulipokaa. Mkono unaniwasha, Mama Anjela, lakini sijachovya hata kidole.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, kama ataipokea. Njooni. Anjela anywe kwanza, nawe uoge. Maji yakibaki, karatasi utailowesha wewe.

Mumeo,
Baba Anjela