Mzee Lyamba kachomoa waya wa gitaa la mwanae

Bushra, huwezi kuamini! Selestine kaumbuliwa na baba yake mzazi, mbele ya ukumbi mzima hapa Majengo.

Si leo mzee Lyamba alikuwa anaagwa na kwaya aliyoifundisha miaka thelathini? Selestine kamwandalia zawadi: ule muziki wa okestra anaoupenda mzee, kaugeuza roki, gitaa la umeme na dramu. Miezi sita anafanya mazoezi!

Hata dakika mbili hazijaisha, mzee kainuka, kachomoa waya ukutani. Kachomoa, Bushra!

Akashika maiki: "Niliomba mwanamuziki, Mungu akanipa mashine ya kusaga."

Ukumbi mzima ukacheka. Mama yake naye akacheka!

Selestine akalilaza gitaa sakafuni, akamwendea. "Shikamoo, baba."

 Mzee akageukia wapishi: "Haya, leteni pilau."