Mashati 836

6 Juni

Mdogo wangu,

Jumatatu tarehe 4, saa tatu asubuhi, nimepoteza kazi ya kufua nguo za kambi ya wanajeshi wa kigeni pale uwanja wa ndege. Miaka sita, mashine nne nilizonunua moja moja, wanawake tisa niliowaajiri, vyote vimeishia kwenye karatasi aliyonikabidhi askari wa getini bila hata kunitazama. Sasa salamu: hujambo? Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua.

Jumamosi redio ya wageni wako wa bandarini ilitangaza kwamba wageni wetu wa uwanja wa ndege wanajidai kuwa wanajeshi mia saba, kumbe wapo 418. Wageni wetu wakawaka. Wa kwanza kushukiwa ni wapishi na dobi. Wewe ni mkalimani wa hao wa bandarini, umesikia lolote?

Mama anakusifu mchana kutwa. Picha yako na makamanda ameitundika ukutani, juu ya kochi nililonunua mimi.

Dada yako


15 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Pole sana, na mpe mama pole ya goti. Mimi mzima, kazi tu imezidi. Tangu tarehe mosi nimepandishwa: namtafsiria kamanda mwenyewe, tunapanda gari moja. Kiyoyozi chake, najifunika mtandio! Usinionee wivu, kuchoka nachoka.

Hayo ya redio siyajui. Hawa wakubwa wana ndege za kupiga picha kutoka juu, wanahesabu hata vichwa. Ugomvi wao tuwaachie wao. Nikuombee kazi huku? Kuna mashati elfu mbili kwa wiki.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, goti limepoa. Wivu ninao, sikatai. Tulilala kitanda kimoja. Wewe ukapelekwa kusomea lugha, mimi nikaachiwa beseni. Ndiyo maana mwezi wa Mei nilikuandikia: “Wiki hii nimefua mashati 836, kila mtu mawili, basi wamebaki 418, wengine wamepelekwa mpakani.” Nilijigamba tu, nawe ujue kwamba dada yako ana kichwa.

Hizo ndege zako zingehesabu vichwa, zingepata 417. Siku niliyofukuzwa, mpishi wao mnene alinisaidia kubeba mabeseni, tukiongea kwa lugha yetu ya kuokoteza. Nikamtajia hesabu yangu, akacheka.

“Mama Dobi, umenihesabu mara mbili! Mimi huleta manne. Mchuzi haunihurumii.”

Kosa ni langu, na hakuna mwingine anayeweza kukosea hivyo. Hiyo 418 ilikuwa sehemu moja tu: kwenye barua yangu. Wewe ukapandishwa tarehe mosi, redio ikasema tarehe mbili.

Jana wamemfungia yule mpishi, wanadhani ndiye aliyeuza siri. Amewaambia kwamba nami nilihesabu, basi Ijumaa hii, saa sita mchana, naitwa getini nieleze hesabu yangu nilimpa nani. Nikinyamaza, anazama asiye na kosa. Nikisema, nimekutaja wewe, na mpaka wa bandarini hauko mbali kwa watu wenye hasira.

Sitaki habari za ndege, wala mashati yako elfu mbili. Mpe dereva wa basi la Alhamisi jibu, neno moja linatosha. Barua yangu ulimsomea kamanda wako, ndiyo au hapana? Ijumaa saa sita nitakuwa getini, na nitafungua mdomo.

Dada yako