Baada ya Mionzi

Ipagala,
Dodoma.
22 Agosti 2025

Mpendwa dada Emiliana,

Shikamoo dada yangu. Habari za Tunduru? Shemeji anaendeleaje na ule mguu? Na Brighton, ameshapona ile malaria au bado inamrudia? Huku kwetu tunaamka. Upepo wa Agosti umetujaza vumbi mpaka kwenye sahani, lakini mtama tumevuna na si haba. Watoto wanakwenda shule. Mimi nipo, namshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Nyumba yetu haina dari, dada. Ukinong'ona chumbani, aliyeko sebuleni anakusikia, na haya nitakayokueleza sikutaka yasikike nusunusu. Barua ataileta Ibrahimu, jirani yetu aliyehamishiwa huko kikazi. Isome ukiwa peke yako.

Mwaka jana niliporudi kutoka Dar es Salaam baada ya kumaliza mionzi, mlifurahi wote. Mchungaji aliniita mbele ya kanisa, tukaimba, mama mkwe akachinja mbuzi. Tangu siku ile kila mtu ananihesabu kuwa mzima. Saratani ya mlango wa kizazi imekwisha, Hana amerudi, basi. Kumbe kuna mambo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Nilikuwa nachoka kama mtu aliyelima kutwa, kumbe nimefagia uwanja tu. Mkojo ukinibana, mara nyingine sifiki chooni. Haya niliyavumilia. Lililonivunja ni la chumbani. Kila Petro aliponikaribia nilisikia maumivu kama kidonda kinachochanwa upya. Nikawa nauma meno na kunyamaza, naye akaona. Akaanza kuchelewa Kizota, kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Akirudi anakula kimya, kisha anatandika godoro sebuleni. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Niliamini amenichoka.

Mwezi wa sita akaja shemeji Zablon, kaka yake Petro, kutoka Bahi. Alikaa uani na mama mkwe wakidhani nimekwenda sokoni. Nikamsikia akisema kwamba mwanamume hawezi kuishi kama mtawa ndani ya nyumba yake, na kwamba kule Bahi yupo mjane mmoja mchapakazi ambaye watu wake wako tayari kuzungumza. Ndoa yetu ni ya kanisani, lakini unajua mambo ya ukoo yakishaanza kusemwa uani yanavyokwenda. Mama mkwe hakujibu kitu. Aliendelea kupepeta mtama wake. Dada, ule ukimya wake uliniuma kuliko maneno ya Zablon. Kikao cha ukoo kikapangwa kifanyike Agosti, mavuno yakishaisha.

Siku zilezile nikaanza kuona damu. Kidogo tu, lakini naiona. Sikumwambia mtu. Nilifua nguo zangu mwenyewe na kuzianika chini ya kanga. Moyoni nilishasema imerudi, na kwamba Zablon hatahitaji hata kusubiri kikao.

Ndipo akanipigia simu dada mmoja anaitwa Miriam. Ni mtafiti, namba yangu alipewa hospitalini. Alisema yeye na wenzake wanachunguza maisha ya watu waliomaliza matibabu ya saratani huku kanda ya kati: wanaishije, nini kinawasumbua, msaada gani unakosekana baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nilitaka kukataa. Nilikwenda hospitalini kuonana naye kwa sababu alisema yupo na daktari karibu.

Ni msichana mdogo, huyo Miriam, aliniamkia shikamoo. Aliniuliza mengi, nami nikawa namjibu ndiyo na hapana. Mwishoni akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama Abeli, tangu umalize matibabu, ni jambo gani ambalo hakuna mtu aliyekuuliza?"

Nikamwambia yote, la mkojo, la godoro la sebuleni, mpaka la damu. Hakushtuka. Alisema wanawake wengi aliozungumza nao wamemweleza habari hiyohiyo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake duniani. Palepale akanipeleka kwa daktari.

Daktari, mama wa makamo, alinieleza taratibu kwamba mionzi inapoua ugonjwa huunguza na nyama zenye afya za jirani, ndiyo maana njia ya uzazi hukauka na kukaza. Alisema kuna mafuta maalumu, kuna kifaa cha kuizoesha njia ifunguke polepole, kuna mazoezi ya kuzuia mkojo. Nilimuuliza kwa nini sikuambiwa haya zamani. Alisema nilipaswa kuambiwa, akanipa pole. Kuhusu damu hakuniahidi kitu. Alichukua kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, akasema majibu yatachukua wiki mbili au zaidi. Nikapiga hesabu kwamba kikao cha ukoo kingetangulia.

Miriam aliniambia pia kwamba wanawakutanisha watu kama sisi pamoja na wenzi wao, kwenye ukumbi mmoja Area D. Mkutano wao ungekuwa Alhamisi, kikao cha ukoo Jumamosi yake. Nilimwambia Petro habari ya mkutano nikimpakulia chakula. Nilimwambia pia habari ya kipimo. Aliacha kula, akainamia sahani, kisha akasema kazi karakana ni nyingi. Sikurudia.

Alhamisi nilikwenda peke yangu. Wenzangu walikuwa wamekaa wawiliwawili, mimi pembeni yangu pamebaki wazi. Mzee mmoja alikuwa anaeleza jinsi anavyomwogesha mkewe, mimi namsikiliza nusu, nawaza nitoke vipi bila kuonekana. Mara nikamwona Petro mlangoni, na ovaroli lake la kazi, mikono myeusi. Hakuja kwangu. Alivuta kiti akakaa hukohuko nyuma.

Aliyeongoza mazungumzo alikuwa mwanamume mtu mzima. Aliuliza kama kuna mume mwingine angependa kusema. Petro akasimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mimi nilidhani nikimgusa nitaurudisha," alisema.

Akaulizwa anamaanisha nini. Akaeleza kwamba fundi mwenzake alimwambia ugonjwa huu mwanamke huletewa na mumewe, na kwamba mionzi hubaki mwilini, ukimkaribia unaiamsha. Alipoona namna ninavyoumia, akaamini ni kweli, kwamba yeye ndiye anayeniua. Ndiyo sababu ya godoro. Alisema alikuwa anachelewa makusudi ili anikute nimelala.

Mimi sikumsubiri mtu anipe ruhusa. Nilisema tu, "Baba Abeli, nami nilijua umenichoka." Akatikisa kichwa, akakaa, akafunika uso kwa ile mikono yake yenye masizi. Yule kiongozi akamweleza kwamba mionzi haibaki mwilini, na kwamba kirusi kinachohusika na ugonjwa huu watu wengi mno hukipata maishani bila kujua, hakuna wa kumlaumu. Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Usiku huo godoro lilirudi chumbani.

Jumamosi Zablon alifika na wazee wawili. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia. Alizungumza vizuri, kwa heshima, kuhusu afya ya mdogo wake na heshima ya nyumba. Petro alimwacha amalize. Kisha akasema, "Kaka, nakuheshimu. Mke wangu aliunguzwa akitafuta kupona. Siwezi kumletea mwenzie juu ya kidonda."

Zablon akamuuliza, je, majibu yakija mabaya? Kumbe alishajua habari ya kipimo, sijui kwa nani. Nilishika ukingo wa meza.

"Ndipo atakaponihitaji zaidi," Petro alisema.

Wazee walikohoa, mmoja akasema basi, mwenye nyumba amesema. Zablon aliondoka bila kugusa chakula. Mpaka leo hajapiga simu, na najua Petro inamuuma, maana ni Zablon aliyemsomesha. Sijui hilo litaishaje.

Majibu yalitoka Jumanne wiki hii. Petro alifunga karakana tukaenda wote. Daktari aliposema si saratani, ni nyama iliyodhoofishwa na mionzi na ndiyo inayotoa damu, sikuweza kufurahi papo hapo. Nilikaa kwenye benchi la nje huku Petro akininywesha maji. Nitakuwa naitwa kila baada ya miezi mitatu. Daktari aliniambia ukweli kwamba kila siku ya kwenda kliniki ikikaribia hofu itakuja tena, na nisione ni upungufu wa imani. Miriam anasema hata hilo wanaliandika, ili anayeruhusiwa kesho aambiwe mapema.

Ningeishia hapo, dada, lakini jana mama mkwe alinifuata jikoni, akafunga mlango. Alisimama akishika kanga yake kiunoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hata mimi damu naiona."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno ya mwaka juzi. Mama huyu ana miaka karibu sabini, hedhi alishaisahau. Aliniambia kwamba siku Zablon alipokuwa akisema yale uani alitaka kunitetea, lakini aliogopa angeulizwa ameyajuaje mateso ya kike kama yangu, na siri yake ingetoka. Nilimshika mikono, nikaikuta baridi. Tukamwambia Petro pamoja. Tunampeleka Jumatatu. Tangu jana hali chakula vizuri, anakunywa uji tu, na leo amenituma mara mbili nimuulize Miriam kama kipimo kinauma. Mwombeeni sana.

Nisalimie shemeji, Brighton, na mama Erica wa nyumba ya pili. Abeli na Anastazia wanakuamkia, na Petro anakusalimu kwa heshima. Mungu awafunike usiku na mchana.

Na wewe, dada Emiliana, umenipita miaka sita na najua hujawahi kupimwa mlango wa kizazi. Usijibu barua hii kwanza. Nenda kapimwe, ndipo ushike kalamu.

Mdogo wako anayekupenda kwa moyo wote,
Hana