Madumu Chini ya Kitanda

3 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Nilifika salama, ingawa mafuta yamepandisha nauli tena. Siku hizi napika mara moja tu kwa siku, na nimezoea.

Kwenu nililala na watoto, na harufu ya petroli haikuniacha. Nikainama, nikaona madumu yamejaa chini ya kitanda chao. Mumeo akacheka: "Shemeji, bei ikipanda utaniita tajiri."

Marehemu mume wangu naye alicheka hivyo, akificha pengo lake kwa kiganja. Ya kwetu aliyaweka stoo. Umeme ulipokatika aliingia na mshumaa, nami nikabaki peke yangu.

Kwenu umeme hukatika kila jioni. Yatoe leo, hata mkigombana. Na mnapoomba, mnikumbuke.

Dada yako