Pacha Wangu Hakosi Neno

Ijumaa, 13 Juni. Shinyanga. Asubuhi baridi, mchana vumbi, na sasa jioni upepo umeshuka, turubai limeacha kupigapiga. Moyo wangu ndio haujatulia.

Nina wivu. Naanza na hilo kwa sababu nikilizunguka nitaishia kuandika habari za viti na masufuria.

Namwonea wivu Doto, pacha wangu. Yeye hasomi mambo ya mtandaoni, na nyumbani hakuna anayeujua ukurasa huu, kwa hiyo hapa naandika bila woga.

Kesho tunamuaga binti yangu Kabula, anayeolewa Buseresere. Kwetu, maneno ya kumuaga binti husemwa na baba yake, amesimama, bila karatasi. Akisoma, watu hunong'ona kwamba anamtoa mtoto kama anayesoma matangazo ya mnada. Na mimi si baba tu, ni msemaji wa familia nzima. Mahari za mabinti wa ndugu zangu wote nimezisemea mimi. Kwa mapacha, Kulwa, yaani mimi, ndiye hutangulia kutoka tumboni, basi ndiye hutangulia kusema. Ndivyo tulivyolelewa.

Sasa maneno yananikimbia.

Si yote. Nimejichunguza kwa utaratibu, maana miaka yangu ya kazi niliimalizia kwenye mizani ya kiwanda cha pamba, na mtu wa mizani hakisii. Yalianza kuondoka majina ya watu. Nikajifariji kwamba watu ni wengi. Yakafuata majina ya vitu vinavyotumika kwa nadra. Siku hizi yanaondoka hata ya vitu vya kila siku. Kitu chenyewe nakijua, nakiona, nakumbuka hata duka nililokinunulia. Jina lake ndilo linasimama nyuma ya mlango, linanionyesha herufi ya kwanza, halafu haliingii. Litaingia baadaye, nikiwa naoga, wakati sina wa kumwambia. Mara nyingine linawahi la Kisukuma, la utotoni. Juzi dukani nilitaka chupa ya maji, mdomo ukasema "minzi". Mwenye duka ni mtu wa Tanga. Alinitazama tu, nikanyoosha kidole kwenye friji kama mtoto.

Muuguzi mmoja aliniambia, "Baba, huo ni umri. Maana inabaki, jina ndilo linachelewa njiani." Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa.

Kisha nikamkumbuka Doto.

Tulizaliwa siku moja, kwa mama mmoja, mimi nikimtangulia kwa muda wa kuchemsha chai. Kama ni umri, wa kwake uko wapi?

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaingia kiwandani. Yeye aliondoka shule mapema, akaenda Geita kwenye maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na alipochoka kushuka ardhini akahamia Nkome kuuza dagaa. Popote alipoishi alikuwa na watu wamemzunguka wakicheka. Ana mtindo wake: anaanza usemi, anaukata katikati, anaweka mkono sikioni, na umati unamalizia. Nilikuwa naudharau mtindo huo. Niliuona wa sokoni.

Mwezi uliopita ujumbe wa wakwe ulikuja kwa ajili ya mahari. Ng'ombe niliwasema vizuri. Mkaja wa mama niliusema vizuri. Nikafika kwa bibi yake Kabula.

"Na bibi yake," nilisema, "mtamletea ile… ile ya…"

Mikono yangu ilikuwa inajifunika mabega. Watu wote waliona. Mshenga wao aliinamisha kichwa kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

Doto akadakia kutoka nyuma yangu. "Blanketi! Wakwe, kaka yangu anaona aibu kulitaja, maana anajua mtaleta lile jembamba linalopitisha mbu!"

Sebule nzima ilicheka. Hakuishia hapo. "Halafu msituogope, jamani. Mgeni njoo…" Mkono sikioni.

"Mwenyeji apone!" wakwe wakaitikia kwa sauti moja.

Waligeuza viti. Sitii chumvi. Mshenga aliinua kiti chake, akakiweka kikimwelekea Doto, na mazungumzo yote yaliyobaki nikayasikiliza ubavuni mwao kama mgeni wa jirani.

Usiku ule mke wangu alisema, "Tumshukuru Mungu Doto alikuwepo." Nikaitikia ndiyo. Sikula.

Jana Kabula aliniletea chai, akabaki amesimama.

"Baba, mimi na mama tumeona Jumamosi maneno ayaseme baba mdogo. Wewe ukae tu, upumzike."

"Nimechoka na nini?"

"Baba, jamani." Akawa anaangalia kikombe.

Mtoto hakukosea. Anaogopa nisije nikaaibika mbele ya wakwe zake, na aibu yangu ataenda nayo Buseresere. Nalielewa hilo. Lakini nilipobaki peke yangu sikumwombea mwanangu wala ndoa yake. Nilitamani Doto akwame. Mbele ya watu. Hata mara moja.

Leo nimepewa nilichotamani, ila hapakuwa na watu.

Tulikuwa tumemaliza kufunga turubai. Akina mama walikuwa wameenda sokoni, sisi wawili tumekaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo tulizozifudikiza. Doto alikuja na gunia kutoka Nkome, mchango wake wa sherehe.

"Kaka," alisema, "waambie akina mama wasiloweke wale wote leo."

"Wale nani?"

"Wale… wa kwenye gunia." Akatabasamu, akaweka mkono sikioni, kama afanyavyo hadharani. Alikuwa ananisubiri nimalizie.

Sikumalizia.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tayari, tamu kama pipi, nami nikakaa nalo. Nilimtazama mtu ambaye ameanika, amepima na ameuza kitu hicho miaka yote ya Nkome, akitafuta jina lake. Tabasamu lilibaki midomoni, likaondoka machoni. Mkono ukashuka polepole. Midomo ikachezacheza bila sauti.

Tunafanana, mimi na Doto, mpaka kwenye nyusi. Sikuwahi kujua ninavyoonekana nikikwama. Leo nimejiona.

"Dagaa," nikasema.

"Dagaa!" Akapiga paja. "Mbwa hawa! Wamenilisha mimi na wanangu, halafu wananikimbia!"

Nikamuuliza tangu lini. Akatazama mlangoni kwanza.

"Muda, kaka. Ukiona nawaambia watu wamalizie, ujue na mimi nimefika mwisho wa barabara. Wao wanadhani ni ufundi."

"Hata siku ya blanketi?"

"Aa, blanketi nililijua. Siku ile nilikuwa na bahati." Akacheka. "Lakini ile ya mgeni njoo, wangenyamaza ningekufa palepale."

 Akanipiga bega.

"Wewe tatizo lako ukikosa neno unasimama kama mtu aliyeibiwa kuku. Changamka! Watu watakutafutia."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha pale. Kweli, kitu fulani kifuani kililegea, nikavuta pumzi ndefu. Kama ni ugonjwa, tunaumwa wawili. Kama ni uzee, umetukuta wote pamoja, kama tulivyokuja duniani.

Lakini kabla sijainuka kwenye ndoo wivu ulikuwa umesharudi, umepitia mlango mwingine. Hata kusahau, Doto anasahau vizuri kuliko mimi. Akikosa neno anapigiwa makofi. Mimi nikikosa neno natengewa kiti nipumzike.

Sitaki kupumzika.

Akina mama waliporudi nilimfuata Kabula jikoni, nikamwambia kesho nitasema mimi. Alimtazama mama yake. Mama yake alitazama sufuria.

"Na baba mdogo?"

"Atakaa kiti cha mbele."

"Ukikwama, baba?"

"Nitakwama."

 Aliendelea kuchambua mchele, ila niliona anatafuta mawe mahali alipokwisha kuyatoa. Nilipofika mlangoni akasema, "Basi vaa lile koti la kijivu." Nimelipokea kama ruhusa.

Halafu nikarudi kwa Doto, maana lilikuwepo jambo moja ambalo sikumwambia Kabula na siwezi kumwambia. Nilisema hapo juu kwamba majina ya watu ndiyo yalitangulia kuondoka. Wiki iliyopita nilitaka kumwita binti yangu kutoka uani, nikabaki nimefungua mdomo. Nilimwona kabisa, ameinama kwenye karai, mwanangu, na jina lake halikuwepo. Alipoinua kichwa nilijifanya nakohoa.

Hilo ndilo ninaloliogopa kesho. Blanketi si kitu.

Nikamwambia Doto, "Nikikwama kwenye ng'ombe, malizia. Kwenye vyombo, malizia. Kwenye jina la mshenga, fanya utani wako wote na makofi uchukue wewe. Ila nikikwama kwenye jina la mtoto, usiseme kitu."

"Kimya kikiwa kirefu?"

"Kiwe kirefu."

"Watu watacheka, kaka."

"Wacheke."

Alifungua mdomo kunitania. Niliuona utani ukija, kisha haukuja. Sijui aliukosa au aliuacha. Akaitikia kwa kichwa tu, akachukua gunia lake, akaingia ndani.

Mwanga unapungua na hapa uani naanza kukosea herufi. Niandike la mwisho.

Alizaliwa mvua ikipiga bati la zahanati mpaka hatukusikilizana. Mkunga aliuliza mtoto anaitwa nani, nami nikajibu kabla hajamaliza swali. Kabula, mtoto wa mvua. Doto hakuwepo, alikuwa Geita chini ya ardhi. Hakuna aliyenisaidia kulitafuta. Lilikuja lenyewe, mbio, likanikuta mdomo wazi.

Kesho huenda likachelewa. Nitalisubiri nimesimama, ndani ya koti la kijivu, mbele ya wakwe na viti vyao.

Makofi yote achukue Doto. Jina hili simpi.