Wifi Aliyeingia Kwenye Mtihani

Kwa dada yangu Mwanasha, Kikoneni.

Shikamoo dada. Kifua chako kinaendeleaje na hizi baridi za asubuhi? Na wajukuu, na mihogo yenu? Sisi huku Munje tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo inayonichemka. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtoto wa nyumba, na haya si ya watoto.

Unajua Twaiba anasomea uhasibu chuo kikuu, masomo ya kwenye mtandao. Mwezi uliopita alikuwa na mtihani mkubwa, wa kumvusha mwaka. Masharti yake, dada, mimi yalinitoa jasho. Awe peke yake chumbani. Kamera imwone uso wakati wote, na kabla ya kuanza aizungushe waone kuta, hata uvunguni mwa kitanda. Asigeuke, asimwitikie mtu, asichezeshe midomo. Nikamwambia basi bismillahi yako itoe mapema. Mtu mwingine akionekana au akisikika, mtihani unafutwa.

Nawe wajua kwetu mtu akipiga hodi mchana asiitikiwe, huona ametukanwa. Kwa hiyo nilipita nyumba hadi nyumba nikiomba radhi: leo msije, nikikaa kimya si kiburi. Wote walielewa. Wifi yangu Esha nilimweleza hata mara mbili, akanishika mkono akasema atamwombea dua mwanetu.

Mimi nimekaa mlangoni kama askari, kumbe Esha kapitia jikoni. Akafunua pazia, akasimama nyuma ya Twaiba, akapaza sauti: hapo andika faida mwanangu, na hapo andika hasara! Akacheka, akatoka. Msimamizi akaufuta mtihani palepale, akaandika kwamba Twaiba ameingiziwa mtu wa kumpa majibu. Mtoto alilia mpaka akatapika. Na Esha akamwambia kaka yake, baba Twaiba, kwamba yeye alikuja kusalimu tu, mambo ya kamera hakuyajua. Mume wangu akamwamini. Akanikanya nisimsingizie dada yake.

Twaiba akakata rufaa. Juzi msimamizi alitaka kuzungumza naye kwenye kompyuta, nami nikampelekea Esha salamu aje tunywe chai, nimepika mkate wa kumimina. Alipopiga hodi, msimamizi alikuwa yumo hewani tayari. Nikamtuma Twaiba chumbani akalete kitambulisho chake, nikaigeuza kompyuta ikatazama ukuta, nikasema karibu wifi yangu. Nikammiminia chai. Nikamwuliza kwa upole, kana kwamba yamekwisha, hivi siku ile ulijua kuna mtihani ndani?

Dada, alijiachia! Alisema alijua vizuri sana, na jikoni alipita makusudi. Kwamba mwanawe Kheri alikosa nafasi chuoni na mimi nikajifanya mama mhasibu, mpaka watu wafungiwe milango. Bado anatafuna, sauti ikatoka kule ukutani: ahsante mama, nimekusikia.

Ungemwona! Mkate haukupanda haukushuka.

Jina la Twaiba limesafishwa, na Jumatatu ataurudia mtihani. Yeye anadhani kompyuta niliisogeza nipate pa kuweka sinia. Ni wewe tu unayejua.

Tena kuna jingine, dada, na hili usimwambie mtu. Jana Esha alikuja kunipigia magoti, analia, nisimwambie kaka yake. Nikamwinua, nikampangusa machozi kwa leso yangu mwenyewe, nikamwambia nimesamehe. Sijasamehe. Nangoja Idi, ukoo mzima ukiwa umekaa mkekani kwake, kaka yake katikati, na yeye akipakua pilau kwa madaha yake yale. Hapo ndipo nitakapoyasema. Kwa hiyo nasaha za kunipoza usinitumie. Nitumie dua za Jumatatu.

Nisalimie shemeji Suleiman na wote wanaoniulizia. Na Idi hii usile huko, njoo kwetu twende pamoja kwa Esha. Nitakuwekea nafasi mbele yake, uuone uso wake vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki, mama Twaiba