Mchezo wa Jumanne ambao haukuchezwa

Noreen, nimeumbuka. Mama amenikamata.

Unalijua daftari la besiboli la marehemu baba, lile alilojazia matokeo ya kila mchezo huku akisikiliza redio. Alipofariki mwezi wa sita, nusu ya kurasa za msimu huu zilikuwa tupu. Nikamwahidi mama kwamba nitalimaliza.

Lakini timu yake imefungwa mara kumi na moja mfululizo! Nikachoka. Nikawa nazima redio na kubuni matokeo.

Leo mama kafungua ukurasa wa Jumanne. "Kumbe tulishinda tano kwa mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Jumanne mvua ilinyesha, Colleen. Mchezo uliahirishwa."

Uliahirishwa! Na mimi nimeandika mpaka nani alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja!

Nikasema nilitaka tu wapate ushindi. Akanijibu, "Baba yako aliwatukana miaka arobaini, ila hakuwahi kuwasingizia ushindi. Mimi nalisoma daftari nijue leo angekuwa anagombana na nani."

Nimefuta kurasa tisa.

Zimebaki mechi sitini. Sasa hivi tunafungwa nane bila, naandika, na mama yuko hapa pembeni anawatukana kwa niaba ya baba.